Mizunguko Makumi Mbili ya Bure

Nitawaambia tu, hata kama haya inaniua mpaka leo: mbele ya shule nzima na mama yangu mwenyewe, nilitoka jasho nusu saa yote na nikapata zero.

Profu wetu wa fizike alikuwa anatafuta mutoto mumoja wa kututetea ku konkuru, mashindano ya mashule, na miye nilishatangaza mu mutaa wetu wote wa Alunguli kama njo miye nitaenda (mama alishanishonea hata shati). Siku ile akatuambia: «Kila mutu aende nusu saa. Mwenye vekta vitesi moyeni kubwa njo ataenda ku konkuru. Sasa, vekta maana yake...» Maana gani tena? Miye nilikuwa tayari inje! Vitesi ni mbio, ao siyo? Nikakamata kinga ya papa (ile baiskeli aliifichaga mu pori wakati wa vita, inalia kama bata), lakini barabara ilijaa matope na shati ni mupya, basi nikajisemea, acha nizunguke tu kiwanja cha mupira.

Jamani, ile furaha! Watoto wa madarasa ya chini wanapiga makofi, wananiita «Shampio!», miye naachilia mikono, naongeza mbio, mizunguko makumi mbili, mpaka nikasimama pa goli, pale pale nilianzia, na mama mwenye alikuja kuniangalia anapiga vigelegele.

— Profu, kilometa sita mu nusu saa! Kumi na mbili kwa saa!

— Iyo ni vitesi moyeni tu, mbio ya wastani, inahesabu njia yote ulipita. Vekta inaangalia ulitoka wapi na ulifika wapi. Ulitoka wapi?

— Ku goli.

— Na sasa uko wapi?

— Ku... goli.

— Basi ni zero.

Ningenyamaza, lakini wapi, nikabisha, nikamuonyesha jasho, nikamuita mpaka prefe, mukubwa wa shule, atukatie maneno, na prefe akacheka mpaka akavua miwani. Mama naye akauliza kwa sauti: «Mwanangu, nusu saa yote ile, haukufika fasi yoyote?» Watu wakaanguka chini kwa kucheka.

Zawadi, mwenzangu wa darasa, alikwenda kwa miguu, pole pole, mustari moja wa kunyooka mpaka ku muto Lualaba, na beseni ku kichwa kwa sababu walimutuma maji. Vekta yake: kilometa tatu kwa saa. Njo yeye alienda ku konkuru, wakamuuliza ile ile vekta, akashinda, na miye njo nilipiga makofi kupita wote, mpaka niliposikia mufano alitoa mbele ya mashule yote ya Kindu: kinga, goli, na jina langu lote.

Naapa, sipandi tena kinga kabla profu hajafunga mudomo.