Mkamwana Aliyekaa Njiani

Mimi ndiye mdomo wa Ikupa kwa kaka yangu Gibson, tangu alipoolewa na mwanawe hapa Mbebe. Kwetu mkamwana haongei na baba mkwe, hamtazami usoni, hataji jina lake, na wakikutana njiani mmoja hupisha mbali. Nyumba nyingi zimeshalegeza hayo. Lakini kaka ni mtu wa zamani, na Ikupa amelelewa, si kukuzwa tu. Basi chumvi ikiisha, "Shangazi, mwambie baba." Ng'ombe akiingia kwenye mahindi, "Enesi, mwambie mkwe wangu." Nami katikati, napita kwenye migomba kupeleka maneno ya watu wanaosikiana vizuri kabisa. Siku moja nilichoka, nikawauliza simu zao zina kazi gani. Nikaambiwa simu nayo ni mdomo.

Kaka ana Haisi. Ndiyo gari la wagonjwa la Mbebe, ndiyo gari la harusi, na zaidi ya yote ndiyo gari la misiba. Mtu akifiwa, kaka haulizi nauli; mnachangia mafuta, mnapanda. Imembeba kila mtu hapa isipokuwa mmoja. Ikupa hakuwahi kukanyaga ndani yake, kwa sababu kile kioo kidogo cha dereva kinaonyesha sura za wote walioketi nyuma. Hata alipokuwa na mimba kubwa alikwenda kliniki kwa miguu, na Haisi ikampita njiani ikiwa na viti vitupu. Kaka alipofika nyumbani siku hiyo hakula. Mimi nilimwona.

Mwaka jana ukaguzi wa gari uliisha muda wake. Kaka alijua. Alijua pia kwamba ukikanyaga breki gari linavuta kushoto, na kwamba mkaguzi wa polisi angelirudisha likatengenezwe kwanza. Kwa hiyo akaahirisha: baada ya mavuno, baada ya Krismasi, mvua zikikatika. Ukimuuliza, anakuonyesha stika kwenye kioo cha mbele. Bima anayo, anasema, kama mtu anayeonyesha cheti cha ubatizo.

Ikupa alikosa raha. Baba yake, Yonathani wa Ihanda, alikuwa na pikapu ya kubebea kahawa. Nayo ilikuwa na bima, na nayo ukaguzi wake ulikuwa umeisha. Ikamgonga mtu aliyekuwa anavuka barabara, karibu na Vwawa, akavunjika nyonga. Mahakama ikamtoza Yonathani faini na kumfungia leseni kwa kuendesha gari bovu. Hayo yangevumilika. Lakini kampuni ya bima ikauliza cheti cha ukaguzi, na kilipokosekana ikasema mkataba unataka gari lililo zima, hili halikuwa zima, haitalipa. Matibabu ya yule mtu yote yakamwangukia mzee. Shamba la kahawa likauzwa, pamoja na mibuni iliyopandwa na babu yake. Tangu siku hiyo Yonathani anakaa mlangoni kwake. Ukimsalimia anaitika, basi.

Habari hii Ikupa alinipa niipeleke, nami niliipeleka yote, na nyingine ya kwangu juu yake, maana mdomo wangu hauna pazia. Nilimwambia kaka asipoziba ufa atajenga ukuta. Akajibu nimwambie mkwe wake kwamba ameipanda milima hii kabla yeye hajazaliwa.

Kisha akafa mzee Jonasi wa Ibaba, aliyemsimamia kaka kanisani siku ya ndoa yake. Asubuhi ya maziko watu wakajaa uani na masufuria na mikeka. Njia ya Ibaba mnaijua, ni kupanda na kushuka, na korongo pembeni. Watu wakaketi ndani, kaka akawasha gari. Ndipo Ikupa akatoka jikoni, mikono ina unga, akatembea hadi penye lango, akakaa chini katikati ya njia. Gari aliligeuzia mgongo, na kanga akaivuta hadi usoni.

Kumzuia mtu kwenda kuzika ni aibu kubwa kwetu. Wanawake wakaanza kunong'ona. Lakini nani amwondoe? Mumewe, Gwamaka, yuko Tunduma anashusha mizigo ya malori mpakani, na hakuna mwanamume mwingine wa kumshika mkono mke wake. Baba mkwe hawezi kumkaribia. Hawezi kumkemea. Hata honi hakuweza kupiga, kwa kuwa honi nayo ni mdomo. Kaka akabaki na usukani wake, jasho linamtoka.

"Enesi," akaniita dirishani, "mwambie apishe."

Nikaenda, nikainama. Aliogopa, mtoto wa watu. Lakini alipojibu, hakunong'ona kama siku zote. Alisema kwa sauti ya kufika hadi kiti cha mwisho.

"Shangazi, mwambie baba kwamba mimi nimeshazika baba mmoja akiwa hai. Wa pili siwezi."

Sikuwa na haja ya kupeleka neno. Kaka alizima gari.

Mchungaji akapiga simu Isongole, akapata gari lenye karatasi zake zote, likatupeleka kwa awamu. Tulichelewa, lakini tulitupa udongo wetu. Kaka alikwenda kama abiria, amekaa nyuma kabisa na sufuria la watu mapajani. Sitawadanganya kwamba Mungu alituepusha na ajali siku ile. Huenda tungefika salama, tukarudi salama. Hakuna ajuaye, na mimi sitaki kujua.

Gari likaenda kwa fundi, likaenda kwa mkaguzi, likarudishwa, likaenda tena kwa fundi. Kaka alinuna muda wote huo kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Ikupa naye alidhani amevunja nyumba. Alipika, akaniletea chakula nikipeleke, akaniuliza kama baba amekula. Nilimwambia amekula hadi amelamba sahani, na haukuwa uongo.

Haisi ikapita ukaguzi. Jumapili asubuhi kaka akaja nayo mpaka langoni, pale pale alipokuwa amekaa mkamwana wake. Mimi na Ikupa tulikuwa tumesimama hapo, tunangoja bodaboda yake ya kwenda kanisani. Kaka akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa mbele upande wa abiria. Akarudi nyuma hatua chache, akatazama milima.

"Ikupa, mwanangu," akasema. "Panda mbele."

Jina lile hakuwahi kulitamka tangu harusi. Ikupa akanigeukia, kama kawaida, anipe jibu nilipeleke. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali nani ananiona. Nikamwambia hilo apeleke mwenyewe.

Akasogea hadi mlango wa gari. Akashusha kanga kutoka usoni, polepole.

"Asante, baba," akasema, akapanda.