Kitasa na Mlango wa Bintiye

Mimi nina duka la vitasa, makufuli na bawaba, na sina subira na watu wanaoshikashika mali bila kununua. Kwa hiyo siku mzee mmoja mwembamba alipoingia, akachukua kufuli kubwa kuliko yote na kulitikisa sikioni kama redio mbovu, nilimuuliza amekuja kununua au amekuja kucheza. Akasema, "Hili usimuuzie mtu, bosi. Hili ni urembo tu." Akachomoa kipande cha waya mfukoni, na kabla sijamaliza kumtukana, kufuli likawa wazi kiganjani mwake. Nikamwajiri hapo hapo, na majirani wakasema akili zimeniruka.

Nani asiyemjua? Alikuwa Kitasa, aliyefungua nyumba za mtaa mzima na kwenda jela kama watu wengine wanavyokwenda sokoni. Lakini alikuwa ameacha. Kuacha kwa mdomo wameacha wengi. Huyu aliacha kwelikweli, mpaka ikawa kero. Mteja akisahau chenji yake, Kitasa anamkimbilia barabarani. Mteja akigeuka nyuma akaona anayemkimbiza ni Kitasa, naye anatimua mbio. Nilikuwa nasimama mlangoni kwangu nikiwatazama wanavyopotea kwenye kona, mmoja analia "mwizi!", mwingine analia "chenji yako!"

Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha matofali. Nilifika huko mara moja alipoumwa. Kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta, sufuria na kiti kimoja, na kiti chenyewe kilikuwa kimejaa nguo kwa sababu hakuna aliyekuwa anakikalia. Mlango wake hakuufunga hata siku moja. Nilipomgombeza, akasema, "Acha aje, bosi. Angalau tutazungumza." Nilicheka, halafu nilipotoka nje nikajiona mjinga kwa kucheka.

Alikuwa na marafiki wawili wa kazi ya zamani: Paka, aliyekuwa anapanda kuta, na Kikohozi, aliyekuwa anasimama njiani na kukohoa akiona hatari. Waliacha wizi pamoja, wakaahidiana wasiuzungumzie tena. Basi siku za mapumziko walikutana, wakakaa kimya. Hadithi zao zote zilikuwa za kazi ile ile. Wakishamaliza kuulizana habari za mgongo na magoti, kila mtu anaangalia kucha zake, halafu wanaagana.

Mtu ambaye Kitasa alitaka kupatana naye ni bintiye. Binti alikuwa anauza dawa kwenye duka la dawa, anakaa na mwanawe mchanga anayeanza kutambaa, baba wa mtoto alishakwenda zake. Kitasa alimpelekea unga, akaurudisha. Akampelekea blanketi, akalirudisha. Na jamani, mimi simlaumu. Alipokuwa mdogo baba yake alimletea viatu vipya vya shule, na mwenye viatu alikuwa mtoto wa darasa lile lile. Alivuliwa mbele ya wenzake, akarudi nyumbani peku. Tangu siku hiyo akaapa kwamba kitu kinachotoka mkononi mwa baba yake hakivuki kizingiti chake, wala baba mwenyewe.

Mtu mwingine angetuma wazee wakamwombee msamaha. Mwingine angekaa barazani kwa binti mpaka ahurumiwe. Kitasa wangu je? Kichwa chake kilijua njia moja tu ya kuingia nyumba ya mtu. Akasubiri binti aende kazini na mtoto apelekwe kwa mlezi, akafungua mlango kwa waya, akaingia, akatengeneza bomba la jikoni lililokuwa linavuja. Akafuta maji sakafuni, akafunga, akaondoka. Mimi nilikuwa najiuliza kwa nini anakwenda kula mchana na mkoba wa vifaa!

Binti alidhani ni mwenye nyumba. Kitasa akanogewa. Akarudi akatengeneza meza iliyokuwa inayumba. Halafu akafanya kubwa zaidi: akanunua kitanda cha mtoto kwa fundi seremala, kwa mshahara niliomlipa mimi mwenyewe, na akawaita wenzake.

Wazee watatu mchana kweupe wakaingiza kitanda kwa dirisha la uani, vipande vipande. Paka, magoti yanalia, alikwama nusu ndani nusu nje, ikabidi avutwe kama gunia. Kikohozi alisimama kwenye kona kulinda. Lakini miaka imepita, na sasa ana kikohozi cha kweli. Kila alipokohoa, wenzake walitumbukia chini ya kitanda cha binti na kujibana humo, pua kwa pua. Parafujo moja hivi ikiingia, kohoo! wako chini. Nyingine, kohoo! wako chini tena. Walipomaliza, Kitasa akatandika shuka. Wakatoka wakishikana mabega kwa furaha, na kwa mara ya kwanza tangu waache wizi walikuwa na jambo la kuzungumza.

Kesho yake asubuhi binti aliingia dukani kwangu. Macho mekundu, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama," akaniambia. Halafu akamgeukia mzee. "Baba."

Rundo la funguo lilimponyoka Kitasa likatawanyika sakafuni.

"Kuna mtu anaingia kwangu," binti akasema. "Haibi. Angeiba ningejua anataka nini. Anatengeneza vitu! Jana ameniwekea kitanda cha mtoto, amekitandika kabisa. Amesimama pale pale ninapomlaza mwanangu. Silali, baba. Naegemeza meza mlangoni nakaa macho. Mambo haya wewe unayajua kuliko askari. Njoo uniwekee kitasa ambacho mtu huyo hakiwezi."

Nilimtazama Kitasa, na uso wake ukaniambia kila kitu. Hata hivyo nilifunga duka nikamsindikiza, maana nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Njiani akanieleza yote, tangu bomba mpaka shuka.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Piga ua, usiseme! Weka kitasa, kunywa chai, mbebe mjukuu. Mwizi si hatarudi tena? Basi umeshamkamata. Ufyate mdomo wako."

"Nitaufyata, bosi."

Alikuwa anatembea haraka mpaka nikaachwa nyuma. Alikuwa anakwenda kuingia kwa bintiye kwa mlango, tena kwa kualikwa.

Binti alitukaribisha sebuleni, akamletea baba yake chai kwenye kikombe chenye kisahani. Kitasa alikaa ukingoni mwa kochi, ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mtoto akatambaa, akamkalia mguu, akaanza kuvuta kamba ya kiatu. Mzee hakuusogeza ule mguu hata kidogo. Binti akacheka, akasema, "Kamekupenda haka." Nasema kweli, nilitoka nikajifanya nakagua bawaba, kwa sababu machozi yalinitoka.

Alikifunga kitasa kizuri kuliko vyote nilivyonavyo, akapiga patasi taratibu, akasafisha vumbi la mbao kwa kitambaa chake mwenyewe. Binti alikuwa anamtazama. Alipomaliza, binti akazungusha ufunguo mara kadhaa.

"Baba, niambie ukweli. Mtu yule, hiki kitamshinda?"

Mimi nikakohoa. Haki ya nani, nilikohoa kuliko Kikohozi.

Kitasa akakikunja kile kitambaa cha vumbi. "Hakitamshinda," akasema.

"Unajuaje?"

"Ni mimi."

Binti akamwinua mtoto kutoka sakafuni. Hakupiga kelele, na bora angepiga.

"Uliingia chumbani kwangu."

"Nilitaka mtoto alale vizuri."

"Nimekaa macho, naogopa kwenda hata msalani. Na ulikuwa wewe."

"Ni mimi, mwanangu. Sikujua kama ingekutisha. Kilichokuwa kinatisha watu siku zote ni kukuta vitu havipo."

Binti akamtazama kana kwamba anataka kucheka, lakini hakucheka. "Kuna kitu ambacho wewe hukiwezi?" akauliza.

"Komeo. La ndani. Ukilisukuma, mtu wa nje hana la kufanya."

"Liweke."

Akaliweka. Kazi aliijua. Kisha akatoka nje, kama fundi yeyote anavyotoka ili apime, na mimi nikamfuata. Akasema, "Lisukume." Tukasikia chuma kikipita. Kitasa akausukuma mlango kwa bega, halafu kwa nguvu zake zote. Haukutikisika.

"Limeshika," akasema.

Tukangoja. Wateja wote hufungua baada ya kupima, wakamshukuru fundi. Mlango ulibaki umefungwa. Mkoba wa vifaa ulikuwa ndani.

"Gonga," nikamwambia.

"Nigonge?"

"Ala! Vifaa vyangu vile! Gonga mlango kama watu!"

Aliuinua mkono, akaushusha, akauinua tena. Uzee wote ule, na sidhani kama alishawahi kugonga mlango wa mtu. Akagonga kidogo sana.

"Nani?" sauti ya binti ikauliza, na alikuwa anajua fika ni nani.

Kitasa alifungua mdomo. Akanitazama mimi, akautazama mlango.

"Fundi," akasema.

Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha mkoba. "Na kitanda kile kiondoe," binti akasema, na komeo likarudi.

Kitanda kilikuwa barazani upande wa pili, kimefunikwa nailoni. Binti alikuwa amekisukuma nje usiku peke yake. Tukakinyanyua, mimi mbele, yeye nyuma, tukaingia barabarani.

Watu wakaanza. "Hongera mzee!" "Eh, babu kapata mjukuu!" Wale wale waliokuwa wanamkimbia akiwapelekea chenji zao walimpungia mikono, na yeye alijibu kila mmoja, "Ahsante. Ahsante sana." Muuza mboga alitusimamisha kabisa, akapapasa mbao, akazisifu.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," Kitasa akajibu upesi, na sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mashallah. Anaitwa nani?"

Mzee aliuweka chini upande wake wa kitanda. Nikageuka nimsaidie, halafu nikagundua hata mimi sijui.

"Bado hawajaniambia," akasema.