Kitenge Kisichofuliwa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kyondo, milimani upande wa Uganda, kulikuwa na nguo moja ambayo maji hayakuruhusiwa kuigusa. Kilikuwa kitenge cha mama, cha majani ya kijani na ndege wa njano, na nisiseme uongo, kilikuwa kinanuka. Kilinuka mawese, moshi, jasho na mikojo ya mdogo wangu. Jirani akiingia alikunja pua kwanza ndipo asalimie. Lakini bibi yetu mzaa mama, ambaye tulimwita Mukaka kama sisi Wakonzo tunavyowaita bibi zetu, alikuwa ameshasema neno lake, na nyumba ilikuwa yake.

"Nguo ya mutu mwenye iko mu njia haifuliwe," alisema. "Ukiifua, unaosha njia yake. Atatafuta pa kurudia, haoni."

Mukaka alizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilibaki cha huko hadi siku yake ya mwisho. Ukimwuliza maji ya beseni yanaifikiaje barabara ya Beni na Butembo kule Kongo, anakutazama kama mtu aliyeuliza kwa nini mvua inanyesha kutoka juu. Na ushahidi alikuwa nao. Mwanamke mmoja wa mlima wa pili alifua shati la mumewe wakati mume ameenda Butembo kuuza kahawa, na mume hakurudi tena. Watu wengine walisema bwana yule alipata mke mwingine huko, mnene, mwenye duka. Mukaka alisema huyo mke alionekana kwa sababu njia ya nyumbani ilikuwa imeshaoshwa. Ungebishana naye vipi? Na Jumapili huyo huyo Mukaka alikuwa kanisani, benchi la mbele, anaimba kuliko kwaya.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa mpakani. Siku za soko alishuka Bwera hadi Mpondwe na samaki wa chumvi, akarudi na mawese na vitenge. Baba alikuwa amehamia Kitswamba kwa mke mwingine, kwa hiyo mama alirudi kwao akiwa na sisi wawili: mimi Masika, jina la msichana wa kwanza, na Baluku, jina la mvulana wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baluku alikuwa anaingia miaka miwili, mnene wa mashavu, mkaidi wa kupindukia.

Mwaka ule soko la Mpondwe lilipoa, na mama akaamua kuwafuata wateja wake hukohuko Butembo, pamoja na rafiki yake Mama Kavira, mfanyabiashara wa huko ambaye mara nyingi alilala kwetu. Mama alichagua wakati huohuo kumwachisha Baluku ziwa. Kwetu ni kawaida: mama huondoka kidogo, mtoto hubaki na bibi mpaka asahau.

Asubuhi ya kuondoka Baluku alikuwa bado amelala. Mama alivua kitenge alichokuwa amelalia, akamfunika nacho, akajifunga kingine.

"Masika, akiamuka umupe chai," aliniambia. "Na usimuonyeshe njia nimeshika."

"Utaniletea nini?"

"Kiatu ya shule. Yenye iko na kamba."

Akacheka, akashuka mlima na furushi lake kichwani. Mukaka alinizuia kufagia uwanja mpaka jua lilipopanda sana, akaniambia tungoje avuke mto kwanza, tusije tukamfagia naye.

Baluku hakulala. Siku zile sikujua kwamba usingizi ni kitu ambacho mtoto hufundishwa, nilidhani unakuja wenyewe kama njaa. Alitaka maji. Akipewa maji alitaka kukojoa. Akishakojoa alitaka kifaranga, kisha alitaka mlango ufunguliwe aangalie njia, na hapo ndipo kilio kilipoanza. Mukaka alimfunga mgongoni akazunguka naye kati ya miti ya kahawa, akiimba kwa sauti ya chini, mpaka kichwa cha mtoto kikalala upande. Akamshusha polepole, akishika pumzi, nami nimeshika pumzi. Mgongo wa Baluku ukagusa mkeka tu, macho yakafunguka. Kila aliyelea mtoto anaijua hasira ya dakika ile. Unampenda, na bado ungependa kumrudisha alikotoka.

Kilichomshinda Baluku kilikuwa kile kitenge. Alitaka kufunikwa nacho chote, mpaka kichwa, kisha anyonye pembe yake moja. Hapo mwili ulilegea, na tukamsikia anavuta pumzi ndefu. Mukaka akaniangalia, akanong'ona, "Iko na mama yake sasa."

Siku alizotuahidi mama zikapita. Mwanzoni salamu zilifika kupitia wafanyabiashara: barabara imefungwa, magari yanangoja askari wa kuyasindikiza, mama yenu yuko salama. Mara mbili tatu alipiga simu kwenye kile kisimu cha Mukaka, ambacho ilibidi nikipeleke senta, kwenye maduka, kuchajiwa. Baluku alipewa simu aongee na mama, akaificha kwenye nguo. Kisha salamu zikakoma, na namba ya mama ikawa haipatikani. Kitenge kikazidi kunuka. Baluku akikikojolea, Mukaka alikianika juani, akakikung'uta, akakirudisha kitandani bila tone la maji. Wanawake wa kanisani walimtania kwamba atatuua kwa harufu. Aliwajibu kwamba harufu haijawahi kumwua mtu, ila kupotea njia kunaua.

Ijumaa moja, siku ya soko, nilikuwa nageuza kahawa kwenye turubai nje, Baluku akifukuza kuku. Mama Kavira alitokea kwenye njia, peke yake, bila mzigo. Hilo liliniingia akilini, kwa sababu hakuwahi kuja kwetu bila kitu, hata kama ni andazi moja la kugawana.

"Masika, mukaka yako iko wapi?"

"Iko nyuma ya jiko."

"Kaa hapa na mutoto. Musikuje kule."

Walikaa huko muda mrefu. Nilitega sikio, sikusikia chochote, si kilio wala maneno. Kisha Mama Kavira akapita njia ya chini, ya migombani, bila kuniaga. Mukaka alipotokea alikuwa na udongo kwenye magoti, anaupangusa kwa kiganja.

"Amekuja kusema nini?" nikamwuliza.

"Aliomba mbegu ya maharagwe."

Akaingia jikoni akapika. Chakula cha jioni ile hakikuwa na chumvi. Tulikila hivyohivyo.

Tangu siku hiyo kazi ya kumlaza Baluku akaichukua yeye, hakutaka nimsaidie. Niliona kitu ambacho sikukipa maana. Alianza kukikunja kile kitenge. Kwanza alikikunja mara mbili, kikamfunika Baluku kifuani tu. Baluku alilalamika, Mukaka akamwachia kidogo, kesho yake akakikunja tena. Baadaye kikawa mto wa kichwa. Baadaye sana ikawa pembe ileile moja kwenye ngumi ya mtoto, na nguo iliyobaki Mukaka ameikalia. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto anayemtazama. Alimpigapiga mgongoni na kumwambia, "Lala, mwana wangu. Mukaka iko."

Zamani alikuwa anamwambia, mama anakuja. Sasa ndipo naona kwamba neno hilo alikuwa ameliacha.

Na maisha yakaendelea. Mukaka alipalilia, aliuza kahawa, alienda kanisani akaimba. Watu wakimwuliza habari za binti yake alijibu, "Iko mu njia," kisha akauliza habari za ng'ombe wao. Nilimwona hata akicheka. Jirani alisimulia jinsi mbuzi alivyokula karatasi za mchungaji, na Mukaka akacheka mpaka akashika ubavu. Kicheko kile nimekikumbuka mara nyingi kuliko vilio vingi.

Mchana mmoja, baada ya mvua ya asubuhi, Baluku alicheza matopeni mpaka akachoka. Akajivuta hadi kwenye gunia tupu pembeni ya turubai la kahawa, akalala kifudifudi, akatia kidole mdomoni, akasinzia. Hakuitisha kitu. Kitenge kilikuwa ndani, kitandani. Mukaka aliacha kuchambua kahawa akasimama kumwangalia. Akaenda akamtikisa mguu kidogo, kuhakikisha. Baluku alihema tu.

Mukaka akaingia ndani. Alitoka na kitenge, beseni na kipande cha sabuni, akateremka kwenye bomba lililo chini ya nyumba.

Sikuamini macho yangu. Nilikimbia nikamkuta ameshafungulia maji.

"Mukaka, usifue. Mama hajarudi."

Alikizamisha kitenge, na maji yakageuka rangi ya chai. Nilishika upande wangu nikavuta.

"Utamupoteza mama! Ni wewe mwenyewe ulisema!"

Akanishika mikono yote miwili kwa mikono yenye povu. Hakuwa amekasirika. Nilikuwa sijamwona bibi yangu akiwa na uso ule, uso wa mtu aliyetua mzigo na bado shingo inamwuma.

"Masika," akasema. "Mutoto amejua kulala. Sasa niache na mimi nilie. Mutoto yangu amekufa."

Kisha akalia. Akapiga yowe ambalo lilivuka bonde, na wanawake wakaanza kutoka kwenye mashamba ya kahawa mmoja mmoja, majembe mikononi, wakikimbia. Mmoja alimkumbatia Mukaka pale chini kwenye matope. Mwingine, bila kuuliza, alikichukua kitenge kutoka kwenye beseni, akakimalizia kukifua, akakisuuza, akakianika kwenye ua. Nyumba ikajaa watu. Na Baluku, kwa kilio chote kile, hakuamka.

Mama alikuwa amekufa njiani, kwenye msitu wa upande wa Beni, gari lake, lililotangulia lile la Mama Kavira, liliposimamishwa na watu wenye bunduki. Alizikwa hukohuko pamoja na abiria wenzake. Hatukuwa na jeneza wala kaburi, tulikuwa na kitenge safi uani, ndege wake wa njano waking'aa kama wapya. Jioni Baluku alikipata, akakiweka puani, akanusa, akanusa tena, akanirudishia.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba yale maji ndiyo yaliyomwua mama. Hesabu ya mtoto ni nyepesi: kitenge kilipokuwa kichafu mama alikuwa njiani, kilipofuliwa mama alikuwa amekufa. Nilipoenda Kasese kusoma, nikikaa kwa mama mdogo, niliondoka na hesabu hiyo moyoni. Likizo nilirudi, nikamsalimia Mukaka kwa magoti kama inavyotakiwa, nikamchotea maji, lakini kitu fulani baina yetu kilikuwa kimepoa. Nadhani alijua. Hakuwahi kujitetea.

Ukweli nilikuja kuambiwa na Mama Kavira, Bwera, mwaka uliofuata baada ya kumzika Mukaka. Tulikuwa tumekaa kwenye duka lake la vitenge, akaniuliza kama bibi yangu aliwahi kunisimulia ile Ijumaa. Nikasema hapana.

"Nilimuambia, akaanguka na magoti," alisema. "Nikangoja apige kelele. Akanishika mukono. Akasema, usiambie mutu. Nikianza kulia sasa, watu watajaa mu nyumba, na ule mutoto atatafuta mama yake kati yao, hatalala tena. Uniache nimufundishe kulala kwanza."

Nilitoka dukani nikakaa kwenye kituo cha pikipiki, nikalia mbele za watu, na sikuona haya.

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu shule ya msingi na kuuandikia insha. Lakini siku zote nilimwona mama kama mama yetu, aliyekufa akatuacha sisi. Haikunijia kwamba alikuwa mtoto wa mtu kabla hatujazaliwa, na kwamba mtu huyo alipika, akapalilia, akacheka habari za mbuzi, huku akijua.

Sasa nakaa Kasese mjini na binti yangu mdogo, ambaye usingizi na yeye ni maadui. Kazi ikinipeleka Kampala, namwachia kitenge nilichokilalia, na namwambia dada anayemtunza asikifue mpaka nirudi. Mume wangu ananicheka. Ananiuliza kama kweli naamini, nami namwambia asifagie uwanja mpaka nifike mbali.

Baluku amekuwa kijana mrefu. Analala popote, alilala hata kwenye benchi la hospitali tulipokuwa tunamuuguza Mukaka. Yeye hamkumbuki mama. Aliwahi kuniuliza mama alikuwa ananuka vipi, nikamwambia mawese na moshi, akafikiri kidogo akasema ndivyo anavyonuka kila mtu wa kwetu.

Wiki zile zote baada ya ile Ijumaa, nyumbani tulikuwa na habari moja tu, Baluku amelala, Baluku hajalala. Majirani waliiulizia wakipita njiani, na mimi nilikuwa wa kwanza kujibu. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza Mukaka kama yeye alikuwa analala.