Maharagi ya Mama Chini ya Turubai la Bluu

Tulipokimbia kijijini kwetu, upande wa Rutshuru, mama alibeba sufuria, blanketi, na bidoni ndogo ya njano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Ndani ya bidoni kulikuwa na mbegu za maharagi zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasizitoboe. Kule kambini Kanyaruchinya, ndani ya hema letu, bidoni ilikaa upande wa kichwa chake alipolala. Kuna siku tulilala bila kula nayo ikiwa pale. Majirani waliiona na hakuna aliyeiomba. Mtu wa kwetu anaweza kukuomba chumvi, moto, hata nguo ya kwenda nayo kanisani. Mbegu iliyotiwa majivu hakuombi.

Mama alisema siku tutakayorudi atapanda kwanza, nyumba tutatengeneza baadaye. Alisema hivyo mara nyingi, mpaka nikaacha kuitikia.

Wakati huo nilipata nafasi katika mafunzo ya kutengeneza filamu fupi, kule mjini, mtaa wa Himbi, kwa vijana waliokimbia vita. Shule niliiacha sekondari kabla ya kumaliza. Nadhani walinichukua kwa sababu nilikaa kambini na niliweza kuandika. Kila mmoja wetu alitakiwa kutengeneza filamu ya dakika chache kuhusu chakula, kwa simu waliyotuazima. Mwalimu alikuwa papa mmoja, baba mtu mzima wa mjini, mpole, asiyepandisha sauti.

"Musipige picha ya chakula," alituambia. "Mupige mutu mwenye anakipika."

Nikaenda kwa mama nikamwambia nataka kumpiga picha akipika.

"Nipike nini? Maji?"

"Chochote, mama."

"Basi piga maji. Iko ya leo, haijalala."

Nilitazama bidoni. Nilitazama tu, lakini aliniona.

"Ile hapana. Mbegu haiko chakula."

"Sijasema kitu, mama."

"Macho yako imesema."

Kwa hiyo nilimpiga akipika bugali wa unga tuliogawiwa, na lengalenga, mboga ya majani aliyochuma kati ya mawe ya volkano. Mwalimu aliangalia picha zangu mpaka mwisho. Akasema ni safi, hazitikisiki, lakini mama yangu anapika kama mutu mwenye anangojea gari. Ndivyo alivyopika tangu tufike pale.

Siku moja mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mzee mmoja wa kijijini kwetu, ambaye shamba lake lilipakana na letu, akafika kambini. Alikuwa amebaki nyuma wakati sisi tunakimbia. Mama alimpa mahali pakavu pa kukaa, akamwuliza habari za nyumba, kwa utaratibu, kama mtu anayeogopa kufika mahali fulani. Mabati yalikuwa yametolewa. Mbuzi hakuna.

"Na shamba?"

"Benye bunduki bako pale juu ku kilima."

"Najua. Na kule chini, karibu na muto?"

"Kule chini ndiko banachimba."

"Banachimba nini, muzee?"

"Mashimo ya kujificha." Alijifuta mvua usoni. "Na mengine."

Mama hakuuliza mengine ni ya nini. Aliuliza kama watu hao wamesema wataondoka lini. Mzee alimwangalia kwa huruma.

"Mama, batu bale banajenga."

Alipoondoka, mama alikaa akitazama mvua. Kisha akachukua bidoni, akafungua kifuniko, akamimina mbegu zote ndani ya beseni. Majivu yaliruka mpaka tukakohoa.

"Leta ile kamashini yako," akasema, akimaanisha simu.

"Mama, na tukirudi?"

"Piga."

Nje mvua ilikuwa kali, kwa hiyo nilimpiga ndani. Turubai letu lilikuwa la bluu, la zamani, na mwanga wote ulipita humo. Mama aliosha maharagi, maji yakawa ya kijivu, akayamwaga, akaosha tena mpaka rangi zikatoka. Nakumbuka nilishangaa. Nilikuwa nimeyaona kila msimu tangu utoto wangu, lakini sikuwahi kumwona mama akiyashika moja moja na kuyasemea.

"Hii ya madoa inaiva mbele ya zote. Hii nyekundu haipendi mvua nyingi. Hii ya rangi ya maziwa ni ya mama yangu, nilikuja nayo siku nimeolewa." Aliinua mkono karibu na simu. "Piga muzuri. Batu baone vile zilikuwa."

Kisha akayatia yote sufuriani.

Mbegu zilizokaa muda mrefu haziivi upesi. Zilichemka, maji yakaisha, akaongeza, yakaisha tena. Makala yetu ya kuwasha moto yaliisha pia. Jirani yetu, mwanamke wa Masisi aliyependa mzaha, akaja kuchungulia.

"Mama, hizi maharagi ulichimbia ku volkano ya Nyiragongo? Iko mawe tu."

"Kaa, utaona."

"Nikae mupaka Pasaka?"

Mama alicheka. Hicho kicheko kiko ndani ya filamu. Jirani akaenda kwake akaleta makala yake, mwingine akaleta kipande cha ubao, mwingine sijui alikitoa wapi kiti kilichovunjika. Jioni maharagi yakalainika. Wote walioleta moto walikula, na sisi tukala, na mimi nikaiweka simu chini ili nile. Sitasema uongo: yalikuwa matamu. Nilishiba, na nilifurahi kushiba. Mama alikula polepole, akaosha sufuria, akasuuza bidoni akaitia maji ya kunywa.

Kule Himbi, tulipokata na kuunganisha picha, nilijifunza kwamba siku nzima ya moto inaweza kuwa muda wa kuvuta pumzi. Maharagi yanaingia majini, mtu anacheka, yameiva. Lakini kilichonisumbua ni rangi. Turubai lilikuwa limepaka kila kitu bluu. Nilimwomba mwalimu tuiondoe. Alijaribu, akageuza hiki na kile, na nyuso zikawa kama za watu wenye ugonjwa wa manjano. Akarudisha ilivyokuwa.

"Tuache," akasema. "Hii bluu inaonyesha baridi ya kambi."

Siku ya kuonyesha filamu kulikuwa na viti vya plastiki na juisi. Mama hakuja, hakuwa na viatu vya kumfikisha. Watu walicheka pale jirani alipotaja Pasaka, wakapiga makofi mwishoni. Mama mmoja aliyevaa vizuri aliniuliza kama maharagi hayo yaliloweshwa kwanza. Nikamwambia hapana. Mwalimu alisema filamu inatia moyo, kwa sababu inaisha watu wakigawana chakula. Ni kweli inaisha hivyo. Nikasema asante, papa. Filamu yenyewe haikusema kwamba ile ilikuwa mbegu. Wala mimi sikuitia maneno hayo. Nilidhani anayeona majivu yakioshwa ataelewa. Watu wa kambini wangeelewa. Kule ukumbini waliona mama anaosha chakula kichafu.

Halafu vita vikaingia mjini kabla sijairudisha simu, filamu ikiwa ndani yake. Kambi ikavunjwa, tukaambiwa na walioshika mji kila mtu arudi kwao akalime. Tulipita Kibati kwa miguu katika mstari mrefu wa watu, mimi nimebeba turubai mgongoni, mama ana bidoni yake ya maji.

Tulipofika, wenye bunduki walikuwa wameshuka kilimani wameenda kwingine. Shamba lilikuwa letu tena. Tulifukia mashimo tuliyoweza kuyafukia, na yale yaliyokuwa yamekwisha kufukiwa hatukuyagusa. Mvua ya kupanda ilikuwa imekaribia, na mikononi hatukuwa na mbegu.

Sokoni kulikuwa na maharagi yaliyoletwa kutoka mbali. Mama aliyatazama, akayapitisha kati ya vidole, akarudi kwangu.

"Ile filme iko ku simu yako?"

"Iko."

"Nionyeshe zangu. Nataka nitafute zenye kufanana."

Nikamwonyesha. Kwanza aliangalia juani, kisha akavuta kitenge juu ya kichwa chake akaangalia gizani. Nilisikia sauti yake ndogo ya kwenye simu ikitoka mle ndani: hii ya madoa, hii nyekundu, hii ya rangi ya maziwa. Nami nikaingiza kichwa mle: kwenye picha vidole vyake vilishika punje ya bluu, na punje nyeusi, na nyingine ya bluu. Madoa hayakuonekana. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha mpaka akanizuia.

"Hii nyeupe," akasema, "ilikuwa na mustari ku jicho, ao haikuwa nao?"

"Sijui, mama."

"Wewe ndiwe ulipiga."

"Sijui."

Alinirudishia simu. "Sauti ni yangu," akasema. "Lakini hizi haziko zangu."

Tulinunua yale ya sokoni. Aliyapanda, akayapalilia vizuri kama alivyopalilia kila kitu, ila hakuyasemea. Yakatoa maua. Yalipokuwa na maganda mabichi, homa ikamshika, na kituo cha afya kilikuwa hakina dawa, na mama akafa.

Watu walikuja kwenye matanga, wengi, wengine kwa miguu kutoka mbali, na watu wa matanga lazima wale. Nyumbani hakukuwa na kitu ila shamba. Nilikwenda na wanawake wa jirani tukachuma maharagi mabichi, tukakaa chini tukayamenya. Shangazi yangu akasema tuache angalau mstari mmoja ukauke, tupate mbegu.

Nilitazama uani. Waliofika karibuni walikuwa bado wamesimama, hawajapata pa kukaa wala cha kula. Nikarudi shambani na kapu, nikachuma na ule mstari.