Anayekimbia kwa Ajili ya Watoto

Jirani yangu, ofisa wa afya wa mji wetu huku Minnesota, Marekani, hukimbia kila asubuhi ya majira ya baridi, akijiandaa kwa marathoni ya kuwapigania watoto wanene. Barafu ikimganda ndevuni haipangusi mpaka mpiga picha afike. Hata akisimama kuongea hurukaruka kama mtu aliyebanwa na haja, huku akipapasa tumbo lake bapa. Picha ya binti yangu Britta aliibandika kwenye mabango bila hata kunipigia hodi, na maandishi makubwa: “Tumwokoe.”

Juzi aliteleza akaanguka kwenye kilima ambako watoto huteremka wakiteleza thelujini kwa mbao zao. Kesho yake akaamuru kimwagiwe chumvi, theluji ikayeyuka, kikabaki tope tupu.

“Sasa tutateleza wapi?” Britta akamuuliza.

“Achana na kuteleza, binti. Kimbia kama mimi!”

“Babu, umewahi kuvuta ubao mpaka kule juu? Ungetapika!”

Akacheka, akarukaruka, akaenda zake. Britta wangu, aliyekuwa akikwea kilima kile mchana kutwa, sasa anakaa dirishani na bakuli la krispi, akimtazama anavyokimbia kwa ajili yake.