Masta Silinda na Chupa ya Mafuta ya Nazi

Mwenye gari hajui gari. Hilo nililijua tangu nilipoanza kushika spana, na mpaka leo nikimwona mtu amefunua boneti huku mikono iko kiunoni, nataka kucheka. Kwenye breki ndiyo kabisa. Mtu atapiga honi kila asubuhi aone kama inalia, atasugua vioo hadi ving'ae, lakini ukimwambia akuonyeshe masta silinda atakuonyesha betri.

Wa kwanza kati yao alikuwa mzee mmoja wa Likoni, mwenye duka, mtu wa ukoo wa zamani, na pikapu yake ya kubebea nazi kutoka Shika Adabu mpaka kivukoni. Mimi nilikuwa nimefunzwa kazi Changamwe, kwenye karakana ya malori ya bandarini. Miaka ile watu wakingojea uhuru nikarudi Likoni, nikajenga banda langu kando ya barabara iteremkayo kwenye feri. Sikuwa nimefika miaka ishirini na mitano na nilijiona najua kila kitu. Yule mzee nilimwamkia shikamoo kwa sababu ya mvi zake tu. Moyoni nilimdharau, tena sikujificha sana.

Masta silinda ya pikapu ile ilikuwa chini ya sakafu, pale dereva anapoweka miguu. Ukikanyaga breki, pistoni ndogo husukuma mafuta yaende kwenye magurudumu yote manne. Mbele ya pistoni pana raba yenye umbo la kikombe, haizidi gumba la mguu, nayo ndiyo inayozuia mafuta yasirudi nyuma. Gari zima na mzigo wake husimamishwa na kiraba hicho. Kuitunza masta hiyo si kazi kubwa. Unafunua zulia, unapangusa kifuniko kabla ya kukifungua ili mchanga usiingie, unatazama kimo cha mafuta, na yakipungua unaongeza mafuta ya breki kutoka kopo lililofungwa. Usitie kingine chochote. Yakizidi kupungua, unatafuta yanakovujia. Hayo nilimweleza yule mzee mara tatu, na kila mara aliitikia kwa kichwa kwa adabu kama mtu anayesikiliza hotuba ya Ijumaa, kisha akarudi na swali lile lile.

Mara ya nne nilikuwa chini ya lori, mgongo juu ya gunia, mafuta machafu yakinidondokea shingoni. Nikaona viatu vyake vya ngozi.

"Fundi, ile masta yataka mafuta tena. Nitie yapi?"

Kopo lilikuwa kwenye rafu, hatua tano kutoka alipokuwa amesimama.

"Mzee, wewe tia ya nazi tu," nikamwambia. "Si ndiyo unayotia kila kitu?"

Na kweli alitia kila kitu. Mkewe aliyapika nyumbani, naye akayapaka kwenye bawaba za milango, kwenye magoti yake, na kwenye mikanda ya saa. Nilidhani ataona nimemkejeli, akasirike, aondoke.

"Haya, fundi," akasema. "Mungu akuweke."

Nikacheka peke yangu chini ya lori. Jioni nikausimulia mzaha wangu kwa muuza kahawa, wenzangu wakacheka pia.

Baada ya wiki mbili akapita kuniambia gari limekuwa zito, halitaki kukimbia, na magurudumu yanatoa moto na harufu ya mahamri. Fundi yeyote mwenye akili angeinuka. Mimi nilijua moja kwa moja kwamba amesahau kuachia breki ya mkono, maana ndiyo tabia ya watu kama yeye. Nikamwambia alilete wiki ijayo.

Mtaani kwetu, kukiwa na harusi, pikapu ile ndiyo iliyopeleka sanduku la bibi harusi, na mwenyewe ndiye aliyeendesha. Asubuhi moja, kabla hajaniletea gari, walipita mbele ya banda langu, wanawake nyuma wakiimba, mama yangu amekaa mbele kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Aliniinulia mkono. Mimi nikatazama mteremko wa kwenda majini, nikaona taa za breki, ambazo huwashwa na msukumo wa mafuta, haziwaki kwa wakati wake, na gari linaongeza mwendo.

Kule chini palikuwa na watu wa miguu wanaongojea feri. Mzee alipindua usukani, akalilaza gari kwenye ukuta wa mawe kushoto. Lazima niseme, dereva hodari asingefanya zaidi.

Nilifika mbio. Wanawake walikuwa wameshuka wazima, wamechubuka tu. Mama alikuwa amekaa chini ameukumbatia mkono wake wa kulia, kiwiko kimevunjika. Wakamfunga kwa kanga wakamtafutia gari jingine. Mimi nikafunua zulia, nikapangusa kifuniko, kwa mazoea tu, nikafungua. Harufu ya jikoni ikanipiga usoni. Raba nilipokuja kuitoa ilikuwa imevimba kwa mafuta ya nazi mara mbili ya ukubwa wake, ndiyo iliyokuwa ikilizuia gari lisikimbie, na sasa imechanika, laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai.

Mzee alisimama karibu yangu, damu inamtiririka kwenye kipaji cha uso, watu wametuzunguka. Nikangoja aseme ni nani aliyemfundisha.

"Mafuta yangu hayakuiva," akasema, mbele ya wote. "Fundi alinambia nitie ya nazi, nami nikatia yaliyopikwa kwa haraka. Yalikuwa na maji. Siyo, fundi?"

Nikamtazama. Hakuwa akinikejeli. Aliniuliza kama mtu anavyomuuliza anayejua.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Yalikuwa na maji."

Siku chache baadaye alikuja na chupa mpya. Mkewe alikuwa ameyachemsha mara mbili, akayachuja kwa kitambaa cheupe, naye akaniomba niyatie mimi kwa mkono wangu, maana yeye amekwisha kuharibu mara moja. Niliipokea. Alipoondoka nikafunga raba mpya na kutia mafuta ya kopo, na kuanzia siku hiyo akaenda akinisifu Likoni nzima.

Ile chupa nikaipeleka nyumbani. Mama akawa anajipaka kiwiko kila asubuhi, akimwombea dua yule mzee. Kiwiko hakikunyooka tena, wala hakuna siku aliyoniuliza breki zilipatwa na nini, kwa sababu mzee alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mafuta yake yalikuwa na maji, na mimi nilikuwapo, nikaitikia.