Perege Wasio na Alama

Ninyi vijana mtakaosoma haya, msidhani maji yakipungua ndipo samaki wanapatikana kirahisi. Atakayewaambia hivyo, mwulizeni amevuaje.

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini mto Mkondoa nimeuvua tangu sijaolewa. Kiangazi kikikolea unabaki mchanga na madimbwi, moja hapa, jingine kule kwenye kona, na samaki wote wanajazana humo. Mgeni akitazama anaona sufuria imeshajaa. Thubutu. Maji yale ni maangavu, samaki anakuona kabla hujafika. Kivuli chako kikianguka majini, kunja kamba urudi nyumbani, siku hiyo imekwisha. Mama yangu alinifundisha kwenda alfajiri maji yakiwa bado ya baridi, nitambae upande ambao jua litanipiga usoni, nitupe chambo na nikae kimya. Jua likipanda samaki wanakuja juu kuhema, midomo wazi. Hapo hawali kitu, na mtu mwenye adabu anawaacha.

Kiangazi hiki cha juzi mke wa mwanangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Ugali anatapika, maharage anatapika, samaki tu ndiye anakaa tumboni. Basi nikawa nakwenda dimbwini kila alfajiri na mwanzi wangu wa ndoana. Narudi na perege wawili, siku nyingine mmoja. Alikula, akaanza kunenepa mashavu.

Siku moja mwanangu akaingia uani saa sita mchana na ndoo imejaa perege.

“Mama, weka huo mwanzi wako darini. Vijana tumevua.”

“Saa ngapi?”

“Sasa hivi.”

“Jua hili? Kwa kitu gani?”

“Kwa wavu.”

“Wavu wa nani?”

“Wa rafiki yangu. Mama nawe, samaki unawahoji kama polisi.”

“Siwahoji samaki. Nakuhoji wewe.”

Nikachuchumaa nikawageuza mmoja mmoja. Perege wa wavu ana mstari nyuma ya mashavu, magamba yamechubuka. Wa ndoana mdomo umechanika. Hawa walikuwa wazima kama waliolala. Tena vilikuwamo vidogo vya ukubwa wa ukucha, ambavyo wavu wowote ungevipitisha. Mke wake alikwisha kaa kwenye kibao, kisu mkononi.

“Weka kisu chini.”

“Mama, mtoto anadai.”

“Mtoto hana meno. Asubiri.”

Nikafunika ndoo kwa sinia, nikaweka jiwe juu. Mwanangu akasema baadhi ya samaki hao wanakwenda Mikumi jioni ile ile, mama lishe wa pale barabarani anawangoja. Nikamwambia naye atangoja.

Niwaambie ukweli, moyoni nilikwisha mpata mkosaji. Wiki ile wafugaji walikuwa wameshusha ng'ombe mtoni, na wafugaji hawakosi dawa ya kupe. Nikachukua fimbo nikaenda dimbwini kuwasema. Nikamkuta mfugaji mmoja, mtu mzima, amesimama na ng'ombe wake mbali na maji. Ndimi za ng'ombe zilikuwa nje kwa kiu, na hakuna hata mmoja aliyesogea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

Tukatazamana. Alinitazama vile vile nilivyomtazama.

“Mama, ninyi mmetia nini humu?” akauliza. “Ng'ombe wamenusa wamegeuka.”

“Tumetia sisi, au ninyi mnaoogesha ng'ombe kwa dawa?”

“Ningekuwa nawaogeshea hapa, ningewaleta wanywe hapa?”

Nikashusha fimbo. Tukasogea ukingoni pamoja. Vyura walikuwa wanaelea matumbo juu, na kaa wamekufa wakijaribu kupanda mchanga. Nikainama nikanusa. Harufu ile naijua. Hukaa kwenye shati la mwanangu siku anazopulizia nyanya dawa, na shati hilo nalifua mimi.

Nikarudi nyumbani. Nilimkuta mwanangu amekaa kwenye ngazi, akaiona fimbo, akajua.

“Kifuniko kimoja tu, mama. Ni kama utupa. Si wewe uliyetuambia bibi zenu walivua kwa utupa?”

Nilisema, sikatai. Utupa ni kichaka. Wazee wetu walitwanga majani yake, wakayatia mtoni, samaki wakalewa wakaokotwa kwa matenga. Niliwasimulia ili wacheke, nikaacha nusu. Sikuwaambia kwamba utupa ulitiwa mto ukiwa unatembea, na kwamba siku mbili kabla mtu alipita nyumba kwa nyumba kutangaza kwamba hakuna kuchota. Wala sikujua kama kuna mtu mwenye akili zake angefananisha jani na dawa ya dukani yenye picha ya fuvu. Kosa la kunyamaza ni langu.

“Mkeo anachota wapi maji ya kunywa?” nikamwuliza.

Akageuka akatazama mtungi wa maji. Sisi tunachimba kisima kwenye mchanga, hatua chache tu kutoka dimbwini, na maji yake yanajichuja kutoka dimbwi lile lile. Nikamwita mkewe.

“Maji ya mtungini umechota lini?”

“Jana jioni, mama.”

“Na leo?”

“Leo bado. Nilikuwa nangoja jua lipoe, na ndoo alikuwa nayo yeye.”

Nikakaa chini pale pale mavumbini, mimi nisiyekaa chini mbele ya watoto. Mwanangu akaanza kusema samahani. Nikamwambia samahani haiondoi dawa majini. Kisha nikasimama, nikawaita wote waliokuwamo ndani, nikasema hivi:

“Samaki hawa wafukieni, shimo la kufika kiunoni, paka asifukue. Maji ya kunywa yatatoka bombani kijijini Mabwerebwere kwa baiskeli, hata ikiwa safari nne kwa siku. Na wewe, kuanzia sasa utashinda pale dimbwini mpaka mvua ziusukume mto. Kila atakayekuja na ndoo au na ng'ombe, mwamkie kama ni mkubwa wako, kisha umwambie kwa mdomo wako mwenyewe ulichotia.”